Mpaka Huchorwa na Siku Mbaya

Hotuba hii niliitoa mbele ya mkutano wa wapenda mazingira. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha na ramani nimeziacha. Maneno ni yale yale, isipokuwa pale nilipokohoa.

Mwenyekiti, wazee wetu, kina mama na kina baba, nanyi wanafunzi mlioketi chini kwa kukosa viti: nawasalimu, na asanteni kwa kuja.

Nianze kwa swali. Fundi akishamaliza kuezeka nyumba, paa lake hupimwa kwa mvua ipi? Kwa manyunyu? Manyunyu hayajawahi kumuumbua fundi. Paa hupimwa kwa mvua moja tu, ile ya usiku wa manane inayokuja na upepo wake, watu wakaamka kutafuta ndoo. Asubuhi hakuna anayesema, "Lakini mvua ya wastani mwaka huu ilikuwa ya kawaida."

Sasa fungueni kitabu chochote chenye ramani ya mahali mnyama au mmea fulani anapoishi. Pembeni mtakuta maelezo: mvua ya wastani kiasi hiki, joto la wastani kiasi hiki. Nami nimefundisha hivyo hivyo kwa miaka mingi. Wastani, wastani, wastani. Leo nimekuja kuungama mbele yenu kwamba nilikuwa nafundisha nusu ya habari. Mnyama haishi katika wastani. Anaishi Jumatatu, anaishi Jumanne, anaishi Jumatano, na ikija Alhamisi moja yenye joto la kuua, wastani wa mwezi mzima hautamfaa kitu.

Hilo ndilo neno langu la leo. Mpaka wa makazi ya viumbe wa porini, mara nyingi, huchorwa na siku mbaya.

Nianze na mmea, maana mmea hauna miguu ya kukimbilia. Katika jangwa la Sonora, lililo Mexico na kusini-magharibi mwa Marekani, kuna mmea mkubwa uitwao saguaro, wa jamii ya dungusi. Hufika urefu wa mita 12 na zaidi, na unaweza kuishi miaka 150. Jua haulijali. Kiu hauijali. Mbona basi hauendelei kaskazini, wakati nchi kame yenyewe inaendelea?

Mwaka 1911 mtafiti Forrest Shreve, aliyefanya kazi katika maabara ya jangwani pale Tucson, Arizona, aliandika jibu ambalo nalipenda mpaka leo. Saguaro huvumilia usiku wa baridi ya kugandisha, mradi kukicha jua litoke na barafu iyeyuke. Kinachouua ni kuganda usiku, mchana kutwa usiyeyuke, na usiku wa pili uukute ungali umeganda. Basi tatizo si baridi ya usiku, maana usiku wa baridi upo hata ndani ya makazi yake. Tatizo ni mchana mmoja uliokosa jua. Mchana mmoja! Mnaweza kusema, mchana kama huo ni nadra, labda unakuja mara moja kwa miaka mingi. Ndiyo, ni nadra. Lakini kwa mmea unaokaa pale pale miaka 150, kila jambo la nadra lina nafasi ya kuufikia.

Twende upande wa pili wa Marekani, pwani ya mashariki ya jimbo la Florida. Kusini mwa pwani ile kuna mikoko. Ukienda kaskazini mikoko inapungua, na mahali pake panashikwa na majani ya mabwawa ya chumvi. Watafiti wakiongozwa na Kyle Cavanaugh walipitia picha za setilaiti za kuanzia mwaka 1984 hadi 2011, wakakuta kwamba kwenye ncha ya kaskazini eneo la mikoko limeongezeka maradufu. Wakauliza: ni kwa sababu ya joto la wastani? Ni mvua? Ni watu na matumizi yao ya ardhi? Kilicholingana na kusonga kwa mikoko ni hesabu moja tu: idadi ya siku ambazo baridi ilishuka chini ya nyuzi 4 chini ya sifuri. Siku hizo zilikuwa zimepungua.

Tazameni ujanja wa jambo hili. Pale Florida hakuna kitu kipya kilichokuja kuisukuma mikoko mbele. Kuna kitu kiliacha kuja. Askari aliyekuwa akilinda mpaka usiku mmoja kwa mwaka amechelewa kurudi zamu, na miche ikapita. Wapenda mikoko msishangilie haraka, maana yale majani ya chumvi nayo yalikuwa nyumba ya watu wake, ndege na kaa na samaki wadogo, na hao hawakuulizwa.

Katika jimbo hilo hilo kuna chatu wa Burma. Kwao ni Asia ya kusini na kusini-mashariki, Florida aliletwa na biashara ya wanyama wa kufugwa majumbani, wengine wakatoroka na wengine wakaachiwa na wenyewe walipowashinda. Wakazaana katika hifadhi ya Everglades. Januari 2010 ikaja baridi kali isiyo ya kawaida. Wakati huo watafiti walikuwa wanafuatilia chatu 10 waliowekewa vitoa mawimbi ya redio mwilini. Mnajua walibaki wangapi? Mmoja. Tisa walikufa. Watu wakasema, basi, tatizo limekwisha, baridi imetusaidia. Halikwisha. Chatu wako Everglades mpaka leo.

Kwa nini? Kwa sababu siku mbaya ni kama chekeche. Wanaobaki baada yake si sawa na waliokuwepo kabla. Kuna kisa kimoja kinachoonyesha hili vizuri kuliko vyote nijuavyo. Septemba 2017 kundi la watafiti, akiwamo Colin Donihue, lilikuwa katika visiwa vya Turks na Caicos likiwapima mijusi wadogo wa jamii ya anolisi. Walipima miguu, wakapima vidole, wakafunga mizigo wakaondoka. Siku chache baadaye kikapiga kimbunga Irma. Wiki mbili baadaye kikaja Maria. Wale watafiti wakarudi kupima tena. Mijusi waliokuta hai walikuwa, kwa wastani, na vidole vyenye nyayo pana zaidi za kushikia, miguu ya mbele mirefu zaidi, na ya nyuma mifupi zaidi.

Miguu ya nyuma mifupi? Hapo walishangaa. Ili wajue kwa nini, walichukua mashine ya kupulizia majani makavu, ile ya watunza bustani, wakawaweka mijusi juu ya kijiti mmoja mmoja na kuwapulizia upepo, huku wavu laini ukiwasubiri wasiumie. Msicheke, hiyo ni sayansi. Wakaona mjusi anang'ang'ania kwa miguu ya mbele, na ya nyuma inapeperuka kama tanga. Mwenye miguu mirefu ya nyuma ana tanga kubwa, upepo unamnyofoa mapema. Kwa hiyo ramani ya kabla na baada ya kimbunga inaweza kuonekana ile ile, kisiwa kile kile, spishi ile ile, kumbe wakazi si wale.

Nimesema sana juu ya baridi na upepo. Joto je?

Kaskazini mwa Queensland, Australia, wako popo wakubwa walao matunda, wenye duara la manyoya ya rangi hafifu kuzunguka macho kama miwani. Popo hawa wanapopata joto hujipepea kwa mabawa, huhema, hujipaka mate mwilini yakikauka yawapoze. Mbinu hizo zinafanya kazi mpaka joto likaribie nyuzi 42. Likivuka hapo, mbinu zote zinaisha. Novemba 2018, karibu na mji wa Cairns, joto lilivuka 42 kwa siku mbili. Popo wapatao 23,000 walikufa, karibu theluthi moja ya popo wote wa aina hiyo katika Australia. Siku mbili. Na popo wa namna hii ndio wanaobeba mbegu na chavua za miti ya msituni kutoka bonde hadi bonde. Popo akiondoka, safari ya mti nayo imefupishwa.

Na kuna siku mbaya ambayo haifanani na siku mbaya. Hii huwa nawauliza wanafunzi na wengi hukosa. Katika nchi ya Aktiki, kwenye baridi isiyosemeka, ni hali gani ya hewa inayoweza kuwaua wanyama maelfu? Mtasema dhoruba ya theluji. Hapana. Ni mvua. Mvua ya kawaida, ya vuguvugu kwa kipimo cha kule. Oktoba 2003, katika kisiwa cha Banks kaskazini mwa Kanada, mvua ilinyesha juu ya theluji, ikazama, ikaganda, ikawa bamba la barafu juu ya malisho. Ng'ombe-miski, wanyama wenye manyoya marefu yanayokaribia kwato, wamezoea kufukua theluji kwa miguu wapate majani. Barafu haifukuliki. Wapatao 20,000 walikufa njaa wakiwa wamesimama juu ya chakula chao.

Lakini huko huko kaskazini, katika visiwa vya Svalbard, kulungu wa Aktiki wanaopatwa na barafu ya namna hiyo huonekana wakishuka ufukweni na kula mwani wa bahari. Si chakula kizuri kwao. Ni chakula cha kuvukia. Shikeni neno hilo, kuvuka, nitalirudia.

Ndugu zangu, mpaka hapa mtadhani siku mbaya kazi yake ni kuua tu. La. Siku mbaya pia hubeba.

Septemba 1995 vimbunga viwili, Luis na Marilyn, vilipita mashariki ya bahari ya Karibi kwa kufuatana. Tarehe 4 Oktoba, wavuvi na watu wa kisiwa cha Anguilla waliona rundo kubwa la magogo na miti iliyong'olewa na mizizi yake likisogea ufukweni. Juu ya magogo kulikuwa na abiria: iguana wa kijani, mijusi wakubwa, wasiopungua 15, spishi ambayo haikuwahi kuwepo kisiwani pale. Wengine walikuwa wamedhoofika, wengine wana majeraha, lakini walishuka pwani. Mwaka 1998 jike mmoja alionekana akiwa tayari kutaga.

Kwa miaka mingi wataalamu walikuwa wakibishana: mjusi anafikaje kisiwani? Wengine walisema amepanda magogo, wengine wakawacheka. Hapa watu waliona kwa macho yao. Na angalieni, bahari iliyotulia isingemfikisha iguana popote. Ilihitajika dhoruba ya kung'oa mti mzima na kumgeuzia nahodha njia.

Hata hivyo, kufika ni jambo moja na kukaa ni jingine. Wahenga walishasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nitawapa wageni wawili, wote ndege, wote walivuka bahari ya Atlantiki.

Wa kwanza ni ndoero wa Ulaya, ndege wa mashamba na matope mwenye kishungi kichwani. Desemba 1927 baridi ilibana Uingereza, ndoero wakaruka kuelekea magharibi kutafuta ardhi isiyoganda, wakakumbwa na upepo mkali kutoka mashariki. Wakaishia Newfoundland, upande wa pili wa bahari, makundi kwa makundi. Mmoja wao alikutwa na pete mguuni aliyovishwa Uingereza. Safari ya ajabu! Lakini walitua wapi? Kwenye theluji, katikati ya majira ya baridi, hakuna mnyoo wala mdudu. Hawakuacha kizazi. Jembe halikupatikana.

Wa pili ni yangeyange, huyu wetu mweupe anayefuata ng'ombe na nyati akidaka panzi wanaoruka. Yeye alionekana Amerika ya Kusini mwaka 1877, karibu na mpaka wa Suriname na Guyana, na inaaminika alivuka kutoka Afrika kwa mabawa yake akisaidiwa na upepo. Akakuta nini? Misitu inafyekwa, malisho yanapanuliwa, na ng'ombe tele ambao hakuna ndege aliyekuwa akiwafuata kwa ustadi wake. Jembe lilikuwa limeegeshwa mlangoni linamsubiri. Mwaka 1953 alikuwa anataga Florida. Leo ameenea mabara yote mawili ya Amerika, na watoto wa kule wanadhani ni wa kwao tangu mwanzo.

Upepo ulimbeba ndoero, upepo ulimsaidia yangeyange. Tofauti ilikuwa kwa mwenyeji.

Sasa nikae kidogo kwenye kisa cha nzige, maana hiki tuna kumbukumbu nacho mbichi. Nzige wa jangwani, kwa kawaida, ni mdudu mpweke. Miaka ya utulivu hukaa katika nchi kame kutoka Afrika Magharibi hadi India, eneo la kilomita za mraba zipatazo milioni 16, akiwa wachache wachache, hamjui jirani yake. Ila wakifurika hufikia milioni 29. Yaani mdudu mmoja, ramani mbili. Ni nini kinachomhamisha kutoka ramani ndogo kwenda kubwa?

Mei 2018 kimbunga Mekunu kilipiga Oman na kumwaga maji katika Robo Tupu, jangwa kubwa la Uarabuni, mpaka vikatokea viziwa katikati ya vilima vya mchanga. Nzige jike hutaga ndani ya mchanga wenye unyevu, na mabuu wakitoka huhitaji majani mabichi. Vyote viwili vikapatikana, mahali ambapo hakuna barabara, hakuna kijiji, hakuna mtu wa kuona na kupiga simu. Kwa kawaida ardhi ingekauka baada ya miezi michache na nzige wangekufa. Ila Oktoba mwaka huo huo kikaja kimbunga cha pili, Luban, kikamwagilia tena. Vizazi vitatu vilizaliwa vikiwa havionekani. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba idadi yao iliongezeka mara 8,000.

Hapo ndipo walipoanza kugusana. Nzige wakisongamana, miguu ikagusana na miguu, kemikali ya serotonini inapanda mwilini mwao na tabia inageuka: aliyekuwa akimkwepa mwenzake anamfuata, rangi inabadilika, kundi linazaliwa. Mwaka 2019 walivuka kuingia Yemen, kisha Pembe ya Afrika. Desemba kimbunga kingine, Pawan, kikainyeshea Somalia. Mwishoni mwa mwezi huo walikuwa Kenya, na nchi ile haikuwa imeona uvamizi wa namna ile kwa miaka 70. Kundi moja kaskazini-mashariki mwa Kenya lilipimwa kuwa na urefu wa kilomita 60 na upana wa kilomita 40.

Tulikuwa tunatazama angani tukiuliza, hawa wametoka wapi? Walitoka kwenye dimbwi la mvua ya mwaka juzi, jangwani, nchi nyingine, ng'ambo ya bahari.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Nina jambo la mwisho, nalo ndilo linalonikosesha usingizi zaidi ya hayo yote: siku mbaya ikishapita, nani anarudi?

Juni 2021 joto kali liliikalia magharibi ya Kanada. Katika mji wa Lytton lilifika nyuzi 49.6. Pwani, maji yakakupwa adhuhuri na kuwaacha kome wameng'ang'ania miamba kwenye jua. Mtaalamu wa bahari Chris Harley alipima uso wa miamba akapata zaidi ya nyuzi 50. Alikadiria kwamba viumbe wa ufukweni zaidi ya bilioni moja walikufa. Bilioni! Kome walifunguka wakiwa wameiva ndani ya gamba, ufukwe ukanuka. Lakini ukizunguka upande wa pili wa mwamba ule ule, upande unaoelekea kaskazini, wenye kivuli, uliwakuta wengi hai. Tofauti ya kufa na kuishi haikuwa kilomita. Ilikuwa hatua mbili. Na kutoka kwenye kivuli kile, mabuu wanaweza kuelea na kuujaza upande uliokufa, wakipewa muda kabla ya joto jingine.

Wakipewa muda. Na wakikuta nyumba haijapangishwa mwingine. Mwaka 2011 bahari ya Australia Magharibi ilipata wimbi la joto, na misitu ya mwani mkubwa ikafa hadi mpaka wake ukarudi nyuma kama kilomita 100. Maji yalipopoa, mtu angetegemea mwani urudi. Haukurudi. Samaki wa kitropiki walikuwa wameshaingia na joto lile, na kila chipukizi la mwani lililoota wakalitafuna. Siku mbaya ilifungua mlango, mgeni akaingia, akajifungia kwa ndani.

Na wako ambao hawana kivuli wala upande wa pili wa mwamba. Bramble Cay ni kisiwa cha mchanga katika mlango-bahari wa Torres, kaskazini mwa Australia, hekta nne au tano tu, na sehemu yake ya juu kabisa ni kama mita tatu juu ya bahari. Panya mmoja wa kahawia, melomisi, aliishi hapo na hakupatikana kwingine duniani. Mawimbi ya dhoruba yalikuwa yakikifunika kisiwa, maji ya chumvi yakiua majani. Katika miaka kumi hadi 2014, asilimia 97 ya majani yalikuwa yametoweka. Panya yule alionekana mara ya mwisho mwaka 2009. Mwaka 2014 watu walimtafuta kwa mitego na kamera, wakamkosa. Mwaka 2019 serikali ya Australia ilitangaza rasmi kwamba ametoweka. Angekimbilia wapi? Mita tatu ndizo zilizokuwa mlima wake.

Wazee wangu, kisa hiki cha mwisho ni chenu.

Mwaka 1993 hifadhi ya Tarangire, Tanzania, ilipata ukame ambao eneo lile halikuwa limeuona kwa zaidi ya miaka 30. Charles Foley na wenzake walikuwa wakifuatilia makundi matatu makubwa ya tembo. Katika miezi tisa, ndama 16 kati ya 81 walikufa. Mwaka wa kawaida hufa wawili kwa mia. Lakini vifo havikugawanyika sawa. Makundi mawili yaliondoka hifadhini, yakaenda kutafuta maji na malisho kwingine. Kundi la tatu lilibaki, na ndilo lililozika watoto wengi zaidi.

Kwa nini walibaki? Tembo huongozwa na jike mkubwa, bibi wa ukoo. Ukame mwingine wa namna ile ulikuwa umepiga kati ya 1958 na 1961. Katika makundi yaliyoondoka walikuwamo majike wenye umri wa kutosha kuwa waliuona ule wa kwanza wakiwa wadogo, wakifuata mkia wa mama kwenda kwenye maji ya mbali. Kundi lililobaki halikuwa na bibi wa umri huo. Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwamaliza, maana jangili hutafuta pembe kubwa, na pembe kubwa ziko kwa wakubwa.

Kuishi kwingi ni kuona mengi, tunasema, na huwa tunasema kwa kumpoza mzee. Pale Tarangire yawezekana kabisa kwamba ilikuwa tofauti ya ndama kuvuka na ndama kufa. Nilisema nitalirudia neno kuvuka. Kimbilio la siku mbaya, mara nyingi, ni mahali ambapo kwa miaka 30 hakuna mnyama anayeonekana. Mtu wa mipango anakuja, anatazama, anaandika: "Hapa hapana wanyama." Anagawa viwanja, anajenga uzio katikati ya ushoroba. Yuko sahihi kwa wastani. Kisha unakuja mwaka wa ukame.

Kwa hiyo ninaomba kitu kimoja. Karibu na mlango kuna meza, na juu yake daftari. Nimelipiga mistari safu tatu. Ya kwanza ni mwaka wa shida: ukame, mafuriko, baridi, upepo, chochote. Ya pili ni mnyama, ndege, mdudu au mti. Ya tatu ni mahali ulipomwona mwaka ule ambapo miaka mingine haonekani. Usiandike ulichosikia, andika ulichoona. Kama hukumbuki mwaka, andika mtoto gani alizaliwa, tutahesabu.

Wazee watangulie. Nanyi vijana, wazee ambao macho yao hayaoni vizuri, washikieni kalamu.